Hata Nyoka Huulizwa Ukoo

Arua, 14 Oktoba 2023

Mjomba Anguzu mpendwa,

Sisi huku tuko wazima, na natumaini wewe na Mama Kiden hamjambo. Mvua inanyesha kila siku alasiri, simsim imesimama vizuri, na ukuta wa jikoni umeanguka tena upande ule ule. Naandika kwa mkono kwa sababu kukupigia wewe simu ni kuzungumza na mlango. Mashine ya kusaga ilimaliza masikio yako, na ujumbe mfupi hautoshi kwa jambo nililo nalo. Shafiki anayeendesha taksi ya Koboko amekubali kuwa posta yetu.

Nilijifungua tarehe ishirini na moja Agosti. Najua habari ilifika, maana Mama Kiden alituma sabuni na karanga. Kama kuna aliyekuambia mtoto yukoje, sijui, kwa hiyo nakuambia mwenyewe. Ni msichana. Ananyonya kama mtu aliyetoka kulima. Na ni mweupe, mjomba. Nywele zake kama ndevu za mahindi mabichi, macho yanakimbiakimbia akiona mwanga. Ana ualbino.

Mama mkwe aliingia wodini, akafunua shuka, akauliza, "Hii mutoto iko ya nani?" Nikasema ni wetu, wa Asiku na mimi. Akasema, "Kwetu hakuna mutu ya namna hii. Hii iko ya wale wazungu ya shirika." Unakumbuka mwaka jana nilifundisha jioni kule kambini kwa wakimbizi, na gari la shirika lilinirudisha nyumbani. Sasa gari limegeuka ushahidi.

Asiku alimtazama mtoto, akarudi kazini. Yuko Oraba, anashughulika na karatasi za malori forodhani, na siku hizi kazi ni nyingi sana.

Mzee Alionzi, mkuu wa ukoo wao, amesema kikao kitakaa mwakani katikati, kwa sababu wana matanga mawili ya kumaliza. Kikao ndicho kitakachoamua kama mtoto ni wao au si wao. Mpaka hapo hana jina. Namwita "Mama" tu, na anaitika kwa kupiga chafya.

Nilimchorea Asiku vile viboksi ninavyowachorea wanafunzi ubaoni, jinsi rangi inavyotoka kwa wazazi. Aliangalia karatasi akasema, "Kevina, hii iko ya kitabu." Ndipo nilipokumbuka nyoka wako. Bado unaye yule chatu wa rangi ya siagi? Alizaa? Watoto walitoka rangi gani? Niandikie yote. Nataka Asiku aone kwa macho yake kitu ambacho hawezi kusema ni cha kitabu.

Mwana wa dada yako,
Kevina


Koboko, 3 Novemba 2023

Kwa Kevina, mwalimu wa watoto wa watu na wa wajomba wazee,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya dizeli, lakini maneno yote yalikuwepo. Sisi tunaendelea. Goti la Kiden linamwambia mvua itanyesha, halafu mvua inanyesha, na yeye anajisifu kama aliileta. Mihogo ni mizuri. Jirani yetu Duku amejenga choo kirefu kuliko nyumba yake.

Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza habari za Siagi bila kutema mate chini. Nitakueleza kuanzia mwanzo, maana ulikuwa chuoni.

Vijana walimkuta kwenye shamba la mtama miaka sita iliyopita. Unajua chatu wetu wadogo wa huku, wale wa kahawia na madoa, ambao ukiwagusa wanajikunja mviringo na kuficha kichwa. Huyu alikuwa mweupe na manjano, macho mekundu. Walikuwa wameshaleta mafuta ya taa wamchome. Niliwaambia wanipe mimi. Wakanipa, na tangu siku hiyo wananisalimia wakiwa mbali.

Halafu nikapata Bwana Okuonzi wa Kampala, mwenye kibali cha kupeleka nyoka nje. Aliniambia huko watu hufuga chatu sebuleni kama paka, na kadiri rangi inavyokuwa ya ajabu ndivyo wanavyompenda zaidi. Kiden alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mimi nilifikiri sana. Porini, rangi hii ni hukumu: mwewe anamwona, mtu anamwona, panya wenyewe wanamwona wanakimbia. Ndani ya sanduku imekuwa cheo.

Nilimpa Siagi majike wawili, mmoja kutoka Kuluva, mmoja niliyeletewa na Yugu, mfanyabiashara wa Oraba. Wakazaliwa watoto kumi na wawili. Wote kahawia! Hakuna hata mmoja mwenye alama ya baba yake. Nikasema rangi imekufa. Walipokua nikawaletea wenza kutoka mbali, na wajukuu nao ni kahawia, wengine weusi kabisa. Okuonzi anasema niwaoze wale watoto wa Siagi wenyewe kwa wenyewe. Nimemwambia hapana. Sisi tulikatazwa kuoa kwa kina baba na kwa kina mama, na kwa Wakakwa, watu wa mke wangu Kiden, ni hivyo hivyo. Hapa kwangu hata nyoka huulizwa ukoo. Kila sanduku limeandikwa kwa chaki: baba fulani, mama fulani, wa wapi. Kaka hataingia kwa dada yake chini ya bati langu.

Basi, hiyo ndiyo habari ya nyoka. Kuku wawili wanakuja na Shafiki, yule mwekundu usimchinje, ni mtagaji.

Mjomba wako,
Anguzu


Arua, 11 Novemba 2023

Mjomba,

Kuku wamefika. Mwekundu alitaga kwenye gari kabla hajafunguliwa kamba, na Shafiki anadai yai ni la taksi.

Nimesoma kurasa zako nne mara mbili. Kuna mashamba, kuna goti, kuna choo cha Duku. Mtoto wangu hakupata hata mstari mmoja. Nimeumia, na sitaki kujifanya sikuumia. Lakini nakuhitaji, kwa hiyo naendelea.

Rangi ya Siagi haikufa. Kila kiumbe, nyoka au mtu, ana mafungu mawili ya kila kitu, moja la baba na moja la mama. Kahawia ni kama yule mtu wa kikaoni mwenye sauti kubwa. Nyeupe ipo pale pale, imekaa pembeni kimya. Kahawia akiwepo, husikii mwingine. Siagi alikuwa na mafungu mawili meupe, hana kingine cha kutoa, kwa hiyo kila mtoto wake alipata moja jeupe kutoka kwake na moja la kahawia kwa mama. Wote kumi na wawili wanalo ndani. Hawaonyeshi tu.

Wewe ukawaletea wageni kwa heshima ya ukoo. Kila mgeni alikuja na kahawia yake nyingine, na nyeupe ikazidi kuzama. Miaka yote unaitafuta rangi, na wewe mwenyewe ndiye unayeizika! Sicheki, mjomba. Nacheka kidogo tu.

Sasa nakuomba hivi. Chukua dume kahawia wa yule mama wa Kuluva na jike kahawia wa yule mama wa Oraba. Baba yao mmoja, mama mbalimbali. Waweke pamoja. Kila yai litakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mweupe. Usinipe Siagi mwenyewe na binti yake, kwanza najua utanifukuza, na pili hainisaidii. Nataka Asiku aone wazazi wawili wa kahawia, wote wawili kahawia, na kati yao mtoto mweupe.

Nakuonya mapema: yai halijui lenzake limetoka vipi. Wanaweza kutoka watatu weupe, anaweza asitoke hata mmoja. Ila sina njia nyingine. Mama mkwe ameanza kuwaambia majirani kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa mzungu ni mzungu. Na nikimweleza kwamba nyeupe lazima itoke pande zote mbili, kwangu na kwa Asiku, anasimama na kusema, "Wewe nasema ukoo yetu iko na uchafu?"

Mjomba, kwa ajili ya mtu mmoja asiye na jina, vunja sheria ya nyoka.

Kevina


Koboko, 19 Desemba 2023

Mpwa wangu,

Usikasirike kwamba nimekaa. Nilianza barua tatu, moja Kiden aliwashia moto akidhani ni karatasi tu. Krismasi inakaribia, na Duku ametuletea mbuzi ambaye anakula kamba yake mwenyewe. Afya yetu ni nzuri.

Nilikataa ombi lako. Nilikataa wiki tatu. Kiden alinisikia nikijisemea kwenye masanduku, na kwa sababu mimi sisikii, nadhani nilikuwa napiga kelele. Akaja akasimama mbele yangu nione mdomo wake. "Anguzu, nyoka iko na kanisa? Nyoka iko na mahari? Wewe naogopa nini?"

Nikamwambia, "Baba yao iko moja."

Akasema, "Na ile mutoto ya Kevina, yeye iko na wajomba ngapi?"

Nikaenda kufuta chaki. Sikuweza kuwaweka pamoja huku majina ya baba yao yakinitazama. Nilifuta kwa kitambaa cha maji, halafu nikahamisha dume. Wamekaa pamoja tangu tarehe nane. Nimewaona wamejifunga mara mbili. Nilitoka nje, nikaona haya kama mtu aliyekuta wakwe zake wanaoga.

Nilimwandikia Okuonzi kuwa nimekubali, naye akajibu kwa furaha na kunitumia picha za rangi nyingine wanazozalisha huko nje. Kuna moja nzuri mno, mistari myembamba kama utando wa buibui. Anasema kila anayezaliwa na rangi hiyo huzaliwa na kichwa kinachotetemeka, mwingine hawezi hata kulenga panya. Wanajua, na bado wanaendelea kuwazalisha kwa sababu inapendeza. Nimeikalia picha hiyo siku nyingi. Siagi ni mzima, macho tu ndiyo mabovu kwenye jua. Mimi sikumtaka kwa sababu anapendeza.

Ninatuma kofia, Kiden ameishona kwa kitambaa kizito. Upana wake ni wa makusudi. Usimtoe nje kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Mpake mafuta wanayotoa hospitali, na usisahau masikio, nyuma na juu. Masikio ndiyo huungua kwanza, kabla ya pua, kabla ya mabega, na kwa sababu mtoto halii mara moja, mtu hadhani kuna kitu.

Krismasi iwe njema kwenu.

Anguzu


Arua, 8 Januari 2024

Mjomba wangu,

Mwaka mpya na afya mpya. Kofia inamfikia mpaka kwenye kidevu. Yumo ndani yake kama uyoga, anacheka. Mwambie Mama Kiden nimelia kidogo, lakini vizuri.

Nitakuambia jambo ambalo sikusema. Asiku halali nyumbani tangu Septemba. Kazi ya malori ipo, lakini si hiyo. Alikuja Krismasi, akakaa sebuleni na viatu miguuni kama mgeni wa benki. Mtoto alipojiviringisha mkekani kumwendea, aliinua miguu. Hakumpiga teke, usifikiri hivyo. Aliinua tu miguu apite. Ningeona nafuu angetukana.

Nilimwambia habari ya mayai ya Koboko. Akasema, "Mimi nitaenda kuona. Kama iko vile unasema, mimi nitasimama kwa kikao." Akasema pia, "Kevina, mimi nataka iwe vile." Hilo la mwisho ndilo ninalolishika. Nampenda mtu huyu, mjomba, na namchukia kwa wiki mara tatu.

Sasa swali. Mambo yale ya masikio umeyajua wapi? Nilimuuliza nesi wa ngozi, akashangaa. Alisema hata yeye alijifunza kwa kuona, si kwa kusoma. Wewe umeyaona wapi?

Kevina


Koboko, 2 Machi 2024

Mpwa,

Salamu nyingi. Joto limezidi huku, na hata Wakakwa wanalalamika, watu ambao hujisifu hawasikii jua.

Ametaga. Mayai sita, meupe, yameshikana. Amejizungusha juu yake, hataki kula wala kuona mtu. Nimemwacha ayalalie mwenyewe, nawasha taa ya joto asubuhi tu. Hesabu ni siku hamsini na tano mpaka sitini. Mwambie Asiku aje mwisho wa Aprili, mimi nitampelekea ujumbe Oraba yai la kwanza likipasuka.

Kiden anabusu uyoga wake.

Anguzu


Arua, 10 Machi 2024

Mjomba,

Ahsante kwa mayai. Nimehesabu siku kwenye kalenda ya darasani, wanafunzi wanadhani ni mtihani.

Umejibu habari ya mayai. Habari ya masikio hujajibu.

Kevina


Koboko, 30 Aprili 2024

Kevina, mwanangu,

Leo sitaanza na goti la mtu.

Yalipasuka juzi. Asiku alifika saa tatu asubuhi na pikipiki, amevaa shati safi kama anayekwenda kanisani. Tulikaa pamoja kwenye vigoda mbele ya sanduku. Kichwa cha kwanza kilitoka, kahawia. Cha pili, kahawia. Asiku alikuwa amekunja mikono katikati ya magoti. Mpaka saa tisa walikuwa wametoka wote sita. Wote kahawia, Kevina. Nilimwosha mmoja kwa maji nikidhani ni ute umemfunika.

Asiku alisema kitu, nikamwambia arudie nione mdomo. Akarudia: "Mujomba, mimi nilitaka iwe."

Akaondoka. Alipofika njia panda alisimamisha pikipiki, akakaa pale juu yake muda mrefu bila kuiwasha, na mimi nilisimama mlangoni nikamtazama. Ningeweza kutembea mpaka pale. Nilikuwa na jambo la kumwambia lenye nguvu kuliko mayai mia. Sikutembea. Ndiyo maana naandika.

Mama yako, marehemu Emilia, alikuwa na mdogo wake. Jina lake Ocokoru. Alizaliwa kama mtoto wako, nywele zile zile, macho yale yale. Hujawahi kumsikia kwa sababu hakuna aliyemtaja.

Mwaka 1980 tulikimbia vita kwa miguu kwenda Kaya, upande wa Sudan. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye minne. Mama alinipa nimbebe, akanipa na kitenge cha kumfunika, akasema usimfunue hata akilia. Mchana tulijificha kwenye nyasi, tulitembea alfajiri na jioni. Siku ya tatu njaa ilitubana. Mama alikuwa nyuma anamshika mkono nyanya yetu. Nikakutana na mwanamke mwenye muhogo wa kuchoma, akakitamani kitenge. Nikampa. Nilipata vipande vitatu. Kikubwa nilimpa Ocokoru, akafurahi, akaimba. Siku mbili alikaa juani bila kitu. Masikio yaliungua kwanza, halafu mabega. Yakatoka malengelenge, yakaoza. Alifia ng'ambo, hata wiki hatujamaliza.

Mama hakunipiga. Aliwaambia wote kwamba jina hilo lisitajwe tena, kwa sababu huyu kijana atakufa kwa majuto. Alinihurumia mimi. Watu wa nje wakadhani tunamwonea mtoto haya, na miaka ilipokwenda hata sisi hatukukumbuka tena kwamba tulinyamaza kwa huruma. Ikabaki kunyamaza.

Kuna baya zaidi. Watu wa ukoo wa Asiku walipokuja kukuposa, waliuliza kama desturi inavyotaka: kwenu kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna mtoto mweupe? Mjomba ndiye hujibu upande wa mama. Nilisimama nikasema hakuna. Kwa hiyo nikifungua mdomo sasa, nitakuwa nimejiita mwongo mbele ya watu walewale, na wanaweza kusema ndoa ilijengwa juu ya uongo wangu. Niliogopa hilo. Na niliogopa kuja kwako, kwa sababu utanipa mtoto nimshike.

Fanya na barua hii unavyotaka.

Anguzu


Arua, 9 Mei 2024

Mjomba Anguzu,

Sikukujibu mara moja kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira huwa na mwandiko mbaya.

Mama yangu alikufa akiwa na dada yake moyoni, na mimi nilikaa kando ya kitanda chake miezi miwili tukizungumza habari za bei ya nyanya. Nimelaani kimya chenu. Miezi tisa watu wananiita malaya sokoni, na wewe ulikuwa na jibu mfukoni, unanitumia kuku!

Hayo nimeyasema. Sasa la pili. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikuwa na njaa, na ulimpa kipande kikubwa. Mimi nafundisha watoto wa miaka kumi na miwili. Hawawezi kubeba hata chaki kutoka ofisini bila kuivunja. Nakusamehe kwa niaba ya mama yangu, nadhani angekubali.

Mayai yamekataa kutoa ushahidi. Niliwahi kusema inaweza kuwa hivyo, ila sikuamini maneno yangu mwenyewe. Umebaki wewe. Kikao ni Jumamosi tarehe mosi Juni, nyumbani kwa Mzee Alionzi, njia ya Kuluva. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuliwa si wewe, ni mtoto. Wakivunja ndoa, basi ivunjike juu ya ukweli. Njoo useme jina lake.

Kevina


Koboko, 20 Mei 2024

Nitakuja. Kiden amepiga pasi suruali.

A.


Arua, 4 Juni 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Nyumbani ni wazima, nawe najua ulifika salama. Uliondoka kabla ya chakula, bila kuaga, kwa hiyo kuna mambo mengi ambayo hukuyaona, na mengine uliyaona bila kuyasikia. Kaa vizuri nikueleze.

Ulisimama ukasema yote. Hukujua, kwa sababu hujisikii, lakini ulisema kwa sauti ya kufika barabarani. Ulipotaja muhogo, wanawake waliokuwa jikoni waliacha kazi wakaja mlangoni. Kisha Mzee Alionzi aliinuka, ukaona mdomo wake na kidole chake. Alisema, "Siku ile tuliuliza wewe. Wewe alisema hapana iko." Nadhani hayo uliyaelewa, maana uliinamisha kichwa, ukaokota kofia, ukatoka. Nilikuita. Nilisahau kwamba husikii.

 Halafu mama mkwe, yule yule, alisema akiwa amekaa: "Alionzi, kaa chini. Na sisi tulisema hapana iko."

Mzee akamwambia anyamaze. Akajibu, "Mimi nimenyamaza miaka arobaini na moja. Ile mujomba iko na haya kushinda sisi, na yeye amesema." Ndipo akaeleza. Mume wake, baba yake Asiku, alikuwa na kaka aliyezaliwa mweupe. Alikaa ndani ya nyumba ya kupikia mpaka alipokufa, na mgeni akija walimfunika kwa jamvi. Mama mkwe aliolewa mwaka wa mwisho wa maisha ya kaka huyo, na kazi aliyopewa bibi arusi ilikuwa kumpelekea chakula. Hakuambiwa jina lake, alimwita shemeji. Siku aliyofunua shuka wodini, mjomba, alijua. Alijua kabla mimi sijajua. Aliuliza mtoto ni wa nani kwa sababu alishajua ni wa nani.

Asiku hakuwahi kusikia. Alimtazama mama yake kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. Mzee Alionzi alikaa chini, akaanza kuangalia viatu vyake. Kisha alisema maneno mawili tu: "Iko yetu."

Wakamwita Ayikoru, ambalo kwetu ni jina la furaha. Wewe unajua majina yetu mengi ni ya msiba. Huyu amepona. Mama mkwe ndiye aliyelichagua, na alipompokea mtoto alimfungua kofia, akamtazama kichwa chote polepole, kisha akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Sijamsamehe bado. Alinipaka matope mbele ya soko zima akijua ninasema kweli. Lakini jana alikuja kunijengea ukuta wa jikoni, na nilimpa maji ya kunywa.

Asiku amerudi nyumbani. Hatujazungumza mengi. Jumapili alikaa sakafuni, bila viatu, na mtoto akapanda juu yake kutoka mguuni mpaka begani, na yeye hakusogea. Jioni aliniuliza kama wale chatu sita wa kahawia nao wanayo nyeupe ndani. Nikamwambia wengine wanayo, wengine hawana, na kwa kuwatazama huwezi kujua. Akasema, "Kwa hiyo usiuze hata moja." Nikamwambia amri hiyo ni ya kwako wewe, mjomba, si yangu.

Kuna desturi hukungoja itimie. Siku mtoto anapopewa jina, mjomba wa mama yake ndiye humnyanyua mbele ya watu. Walikutafuta mpaka nyuma ya nyumba. Mzee Alionzi aliona aibu, akasema jambo hilo halihesabiki mpaka ufanye, hata kama ni huko kwako.

Barua hii anakuletea Asiku mwenyewe. Amekuja na mtoto kifuani, amemfunika vizuri, wametoka alfajiri kabla ya jua. Nimemwambia asikupe kitu kingine mpaka umalize kusoma. Najua yuko hapo mbele yako amesimama, na najua unasoma mstari huu polepole makusudi.

Weka karatasi chini, mjomba, umpokee.

Kevina